Maua Mlangoni Pasipo Nyumba

  Leo tutawachukua mbali kidogo. Twataka kuzungumza juu ya maua ya porini na juu ya maisha ya boma la watu wa milimani, na mahali tunapopajua ambapo mambo haya mawili yamefungamana kabisa ni katika milima iitwayo Great Smoky, kule Marekani, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina.

Msiogope neno milima. Kilele chake kirefu kuliko vyote chaitwa Kuwohi, jina la Wacherokee lenye maana ya mahali pa miforosadi, nalo lilirudishwa rasmi mwaka 2024. Urefu wake ni mita 2,025 tu, yaani futi 6,643. Mtu wa Limuru hulala juu zaidi ya hapo kila usiku wala hajioni kuwa mpanda milima. Lakini ni milima iliyofunikwa na msitu tangu chini hata juu, na ukungu wa rangi ya samawati hupanda kutoka katika miti yake kama moshi wa jikoni asubuhi. Ndiyo sababu ikaitwa milima ya moshi.

Bwana wetu alipotaka kuwaondolea watu wasiwasi wa chakula na mavazi, hakuwaonyesha ghala wala fedha. Aliwaambia wayatazame maua ya kondeni, akayalinganisha na Sulemani na fahari yake yote. Mara nyingi tunaposoma maneno hayo twakimbilia lile somo la wasiwasi na kuliruka lile la kutazama. Leo basi tutazame kwanza.

Sisi wa Kenya twahesabu mwaka kwa mvua: mvua za masika na mvua za vuli. Wenzetu wa huko huhesabu kwa baridi na joto. Kuanzia Desemba hata Februari miti mingi ya msitu husimama bila jani hata moja, theluji hulala juu ya milima, na mtu angedhani kila kitu kimekufa. Kisha mwezi wa Machi jua huanza kupata nguvu, na kwa kuwa miti bado iko uchi, mwanga wake hufika mpaka ardhini. Hapo ndipo maua madogo ya chini huamka upesi. Yana majuma machache tu. Ikifika Mei miti imekwisha kuvaa majani, msitu umekuwa giza, na nafasi imepita. Katika majuma hayo machache mmea hauna budi kuchipua, kuchanua, kupata mbegu na kuweka akiba ya mwaka mzima katika tunguu au shina lake lililo chini ya udongo. Ifikapo katikati ya mwaka mengi ya maua hayo hayaonekani tena juu ya ardhi. Yamerudi kulala.

Wengi wenu mmeona jambo linalofanana na hilo hapa kwetu. Liko lile ua jekundu, mviringo kama mpira, litokalo peke yake katika nchi kavu mvua za kwanza zinapogusa ardhi, kabla hata ya nyasi kuamka. Jana hapakuwa na kitu, leo limesimama. Halikutoka hewani, lilikuwa chini, likingoja.

Katika milima ya Great Smoky iko mimea itoayo maua ya aina zaidi ya 1,500, na tangu mwaka 1951 kila majira ya machipuko watu hukusanyika kwa siku kadhaa kuyatembelea wakiongozwa na wanaoyajua. Liko moja liitwalo triliamu, lenye majani matatu na petali tatu, na wahubiri hawakukosa kulitumia kufundishia Utatu. Sisi hatutalitumia hivyo leo, maana limetumiwa vya kutosha. Linalotushangaza ni jambo jingine. Mbegu ya triliamu ina kipande kidogo cha mafuta kilichoshikamana nayo, na sisimizi hukipenda sana. Huibeba mbegu hadi chunguni, hula kile kipande, na mbegu yenyewe huitupa katika takataka zao, penye udongo laini na wenye rutuba. Hapo huota. Tangu kuota hata kuchanua mara ya kwanza huweza kupita miaka saba au zaidi. Mtu akilichuma kwa furaha ya dakika moja, amechuma kazi ya miaka. Ndiyo maana sheria ya hifadhi ile yakataza kuchuma hata ua moja.

Watu wa milima ile waliyapa maua majina ya nyumbani, kama vile mama apavyo watoto. Liko ua jeupe ambalo mzizi wake ukikatwa hutoa maji mekundu, nalo huitwa mzizi-damu. Wacherokee walitia rangi vikapu vyao kwa maji hayo. Liko jingine lenye umbo la suruali ndogo zilizoanikwa juu chini kwenye kamba, wakaliita suruali za Mholanzi. Liko la manjano lenye majani ya madoadoa kama samaki wa trauti, yule tunayemjua katika mito ya Aberdare. Na liko liitwalo kiatu cha bibi, ambalo haliishi bila kuvu fulani ya udongoni. Ukiling'oa uende kulipanda kwako, karibu kila mara litakufa.

Lakini kwa mkulima wa milimani maua hayakuwa pambo tu. Yalikuwa kalenda. Uko mti wa maua meupe uitwao dogwood. Huchanua Aprili, na mara nyingi wakati huo huo baridi kali hurudi kwa siku chache. Wazee waliiita baridi hiyo kwa jina la mti wenyewe, na mwenye busara hakuharakisha kupanda mimea isiyovumilia baridi mpaka imepita. Baadaye, mwezi wa Mei, ilikuja baridi nyingine wakati matunda ya porini yenye miiba yalipochanua, nayo ikawa na jina lake. Mama wa boma hakuhitaji karatasi ukutani. Alitoka mlangoni, akatazama mlima, akajua kama mbegu itoke mfukoni au ikae.

Na sasa twafika kwa mti tunaoupenda kuliko yote katika habari hii. Ni mti mdogo, nao huchanua mapema sana, maua meupe membamba juu ya matawi yasiyo na jani, wakati milima yote ingali ya kijivu. Watu wa huko huuita sarvis. Katika lugha yao hilo ni tamko la kale la neno la ibada. Wasimulia hivi: katika majira ya baridi njia za milimani zilifungwa na theluji na matope, na mhubiri aliyezunguka kwa farasi hakuweza kufika. Mtu akifa Januari, majirani walimzika kama walivyoweza, wakaimba wimbo, wakarudi nyumbani, na ibada yake ikangoja. Vijana waliotaka kufunga ndoa wakangoja. Wachanga katika imani waliotaka kubatizwa wakangoja. Kisha siku moja mtu huinua macho na kuona weupe ule juu ya kilima, naye husema: njia imefunguka, mhubiri atakuja.

Wataalamu wa lugha watatuambia kwamba jina hilo lilitoka katika jina la kale la mti mwingine wa Ulaya, wala halikutoka kwa mhubiri. Huenda wana haki. Hata hivyo hadithi yenyewe yatuonyesha jinsi watu wale walivyouona mti ule, na hilo si jambo dogo. Fikirini mjane aliyemzika mumewe katika mwezi wa Januari bila neno la mchungaji. Kwake yeye maua yale ya kwanza hayakuwa mapambo. Yalikuwa habari kwamba atapata kusimama kaburini na watu wake wote, na kulia ipasavyo.

Basi tuingie katika boma moja, ili tusiwe tunazungumza hewani. Liko bonde dogo liitwalo Little Greenbrier, upande wa Tennessee. Hapo aliishi John Walker na mkewe Margaret Jane. Walioana mwaka 1866, mara tu baada ya vita vile vya Wamarekani wao kwa wao, ambavyo John alikuwa amepigana na kufungwa. Mungu akawapa watoto 11, wasichana 7 na wavulana 4, na wote wakakua hata wakawa watu wazima, jambo lililokuwa nadra sana siku zile. Nyumba yao ilikuwa ya magogo yaliyochongwa kwa shoka, na mianya yake imezibwa kwa udongo. Ndani, kuta zilibandikwa karatasi za magazeti ili kuzuia upepo. Wangapi kati yetu tuliolelewa katika nyumba za namna hiyo, tukajifunza kusoma kwa kuukodolea ukuta macho!

Baba alikuwa fundi. Alitengeneza kitanda cha kufumia nguo na vyombo vingine vya kazi ya nyumbani. Alipanda mitofaa ya aina zaidi ya 20, iliyoiva kwa nyakati mbalimbali. Juu ya chemchemi alijenga kibanda, maziwa na siagi vikakaa humo penye maji baridi. Mama alijua dawa za mitishamba, na bustani yake ilikuwa na mboga pamoja na maua. Walifuga kondoo, na manyoya yao yakasokotwa na kufumwa pale pale. Ilisemwa kwamba shamba lile lilitoa mahitaji yao yote ila vitu vichache tu vya dukani, kama vile sukari, chumvi, kahawa na magadi.

Majira ya machipuko yalikuwa majira ya kazi hasa. Baada ya miezi ya kula nyama ya chumvi, maharagwe makavu na viazi vilivyokwisha kunyauka, mwili ulitamani kitu kibichi. Watoto walitumwa msituni kutafuta majani machanga, kama vile sisi tulivyotumwa kutafuta mnavu na mchicha mvua zinapoanza. Kuna kitunguu cha porini kinachoota mapema, kitamu lakini chenye harufu ya kutisha, hata aliyekila hukimbiwa na asiyekila. Kondoo walikatwa manyoya. Ardhi ililimwa juu ya miteremko ambayo sisi wa Murang'a au Taita tungeielewa mara moja, maana ni ile ambayo jembe lipandalo hupanda kwa shida na maji yashukayo hushuka na udongo.

Mwendo wa maili moja na kidogo kutoka nyumbani palikuwa na nyumba nyingine ya magogo, iliyojengwa mwaka 1882, ikawa shule siku za juma na kanisa siku ya Bwana. Ipo mpaka leo, na makaburi kando yake. Mtoto wa bonde lile alijifunza herufi, akasikia Neno, na akawazika wazee wake, yote katika uwanja mmoja.

Mama akafariki mwaka 1909, baba mwaka 1921. Wavulana walikuwa wameondoka, na msichana mmoja alikuwa ameolewa. Wasichana sita waliobaki hawakuolewa. Wakalishika shamba wenyewe. Mmoja wao, Nancy, alifariki mwaka 1931. Wakabaki watano: Margaret, Polly, Martha, Louisa na Hettie. Walilima, wakasokota, wakafuma, wakakausha matofaa. Twawatajia majina yao makusudi, kwa sababu kazi ya wanawake wa namna hii mara nyingi huliwa na kusahauliwa siku ile ile.

Sasa tusikilize kwa makini, kwani hapa ndipo penye uzito. Katika miaka ile ya 1920 watu wengi wenye nia njema waliona kwamba milima ile yaharibiwa. Makampuni ya mbao yalikuwa yamekata sehemu kubwa ya msitu, moto ukafuata, na udongo ukashuka mitoni. Wakasema, itafutwe njia ya kuihifadhi. Majimbo mawili yakaanza kununua ardhi, wananchi wakachanga, na tajiri mmoja, John D. Rockefeller Mdogo, akatoa dola milioni 5 kwa ukumbusho wa mama yake. Hifadhi ikaanzishwa mwaka 1934, na tarehe 2 Septemba 1940 Rais Roosevelt akaizindua kwa sherehe. Yote mema. Ila katika ardhi ile walikuwamo watu. Wenye mashamba zaidi ya 1,200 walinunuliwa, wengine kwa hiari, wengine kwa machozi, wengine kwa amri ya mahakama. Nyumba nyingi zikabomolewa au kuteketezwa, msitu ukarudi juu ya mashamba.

Wala hao hawakuwa wa kwanza kutolewa. Mwaka 1838 askari waliwakusanya Wacherokee, wenye nchi ile tangu zamani, wakawapeleka magharibi kwa safari ndefu ambayo maelfu walikufa kwayo. Wachache walibaki milimani, na wajukuu wao wako hapo hata leo, ubavuni mwa hifadhi. Wana mboga yao ya machipuko iitwayo sochan, ambayo mama zao waliichuma tangu kale. Hifadhi ilipokuja, kuchuma kukawa kosa. Ni mwaka 2019 tu ndipo walipokubaliana rasmi na wasimamizi wa hifadhi kwamba waruhusiwe tena kuichuma. Mtu wa nchi yetu, ambaye babu yake alihamishwa ili mwingine apate nafasi, hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Wale akina dada wa Walker hawakutaka kuondoka. Wengine wengi walipokwisha kwenda, wao walikaa. Mwishowe, mwaka 1941, waliuza ekari zao zaidi ya 120 kwa dola 4,750, kwa sharti kwamba waishi pale mpaka wa mwisho wao afe. Lakini kuishi katika ardhi iliyokuwa yako si sawa na kuishi katika ardhi yako. Hawakuruhusiwa tena kukata kuni, kuwinda wala kulisha mifugo kama zamani. Wageni wakaanza kuja, hasa baada ya gazeti moja kubwa la Marekani kuandika habari zao mwaka 1946. Akina mama wale hawakuwafukuza. Waliwauzia maandazi ya matofaa, vitambaa vya kufuma kwa mkono, vitu vya watoto vya kuchezea, na mashairi aliyoyatunga Louisa mwenyewe. Wakaendelea hivyo hata walipobaki wawili, wazee mno. Mwaka 1953 wakamwandikia msimamizi wa hifadhi, wakamwomba aliondoe bango lililowakaribisha wageni, kwa kuwa nguvu zilikuwa zimekwisha. Margaret alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 92. Louisa alifariki mwaka 1964, na mkataba ukaisha pamoja naye.

Twawasikia wengine wakisema, je, si afadhali ilivyokuwa? Leo milima ile ni ya kila mtu, watu zaidi ya milioni 10 huitembelea kwa mwaka, na maua yale tuliyoyataja yana mahali pa kuota bila kukanyagwa na jembe wala msumeno. Hilo ni kweli, wala hatutalipinga. Wengine husema waliotolewa walidhulumiwa, kwa kuwa fedha haziwezi kununua kaburi la mama. Na hilo pia ni kweli. Twaona hatari iko kwa yule anayeshika kweli moja ili asiione ya pili. Mgeni anayesimama penye uwanda wa triliamu na kusema, nchi hii haijaguswa na mtu, hajui kwamba amesimama katika shamba la mahindi la mtu fulani. Yatupasa kumwonyesha kwa upole.

Na maua yenyewe yatamwonyesha. Mwezi wa Machi, ukitembea katika njia za hifadhi ile, mara utaona katikati ya msitu mstari wa maua ya manjano. Ni dafodili. Si maua ya pori la Marekani. Asili yake ni Ulaya, na hayaendi mbali yenyewe. Basi yakiwa yamesimama kwa mstari, ujue yuko mtu aliyeyapanda kwa mstari. Tazama vizuri. Mbele yake utaona labda jiwe la ngazi, nyuma yake rundo la mawe lililokuwa dohani ya jiko. Hapo ndipo palipokuwa mlango. Paa limeoza, magogo yameondolewa, miti minene imeota sebuleni, lakini yale maua ya mama bado yanaonyesha njia ya kuingilia.

Yamedumuje? Tunguu za dafodili zina sumu, hivyo panya hawazitafuni wala paa hawali majani yake. Tena huchanua mapema, kabla ya miti kufunga mwanga, kama yale maua ya porini. Na kila mwaka tunguu huzaa tunguu nyingine ubavuni mwake. Mama mmoja aliyepewa chache na jirani yake katika kikapu, akachimba mashimo kando ya mlango jioni moja baada ya kazi zote, akiwa na udongo kwenye vidole na mtoto mgongoni, hakujua kwamba alikuwa akiandika jambo litakalosomwa miaka mia baadaye. Alitaka tu mlango wake upendeze.

Mtunga zaburi alimlinganisha mwanadamu na ua la kondeni: upepo hulipitia, likatoweka, na mahali pake pakalisahau kabisa. Sisi tumelisoma neno hilo makaburini mara nyingi, na ni kweli kwa habari ya mwili. Lakini katika milima ile tunaona mambo kana kwamba yamegeuzwa. Mtu ametoweka, na ua ndilo linalojua mahali pake. Zaburi yenyewe haiishii kwenye upepo, bali yaendelea na kusema habari za fadhili zisizokoma, zifikazo hata kwa wana wa wana. Huenda haifai kuukatia msomo pale penye upepo, kama tulivyozoea.

Hapa kwetu pia, wazee huweza kukuonyesha boma la kale kwa mti. Pwani wakiona miembe mikubwa pasipo nyumba, husema palikuwa na mji hapa. Bara huona mkonge wa ua wa ng'ombe umebaki pake yake, au mti ambao chini yake wazee waliketi. Akina mama wanaotusikiliza, mnapopanda ua kandokando ya nyumba, wakati mwingine mume au jirani huuliza, hilo laliwa? Mwacheni aulize.

Tumalize kwa jambo linalofanyika huko hata leo. Ndani ya hifadhi ile yamo makaburi ya watu zaidi ya mahali 150. Mengine yako ng'ambo ya ziwa Fontana, lililotokea walipojenga bwawa la umeme kati ya mwaka 1942 na 1944, wakati wa vita. Maji yalifunika barabara ya zamani. Serikali iliahidi barabara nyingine, lakini haikukamilika kamwe. Basi katika Jumapili kadhaa, kuanzia majira ya machipuko, hifadhi hutoa mashua, na jamaa za waliozikwa huvuka. Wazee husaidiwa kupanda ukingoni. Wana reki na majembe, na vikapu vya maua. Wanafagia majani yaliyoanguka mwaka mzima, wanayarundika makaburi udongo mpya kama mgongo wa samaki, na juu ya kila moja wanaweka maua, hata juu ya yale madogo yenye jiwe lisilo na jina. Kisha wanaimba, mhubiri anasema maneno machache, na wanatandika chakula juu ya meza za mbao chini ya miti: kuku, maharagwe, mkate wa mahindi, maandazi ya matofaa. Watoto wanauliza huyu ni nani, na yule ni nani, na bibi mmoja anawajibu akitembea kutoka kaburi hadi kaburi, mpaka mwenye mashua anapoita kwamba saa imefika.